Uholanzi: Nchi ya Miti au Nchi ya Shimo?

Wanafunzi wetu huuliza kwa nini nchi ambayo wenyewe huiita Nederland, yaani nchi ya chini, katika Kiswahili tunaiita Uholanzi. Jina letu linatokana na Holland, na Holland ni eneo moja tu la magharibi, kando ya Bahari ya Kaskazini. Tangu 1840 eneo hilo ni mikoa miwili, Noord-Holland na Zuid-Holland, kati ya mikoa 12 iliyopo leo. Amsterdam na Rotterdam zimo humo, na mabaharia wake ndio waliojulikana sana ng'ambo. Basi sehemu ikabeba jina la nchi nzima. Watu wengi wa Friesland au Limburg hawapendi kuitwa watu wa Holland, kama vile Mskoti asivyofurahia tunapomwita Mwingereza.

Je, Holland yenyewe maana yake nini? Hapa ndugu walimu tuwe waangalifu. Wengi husema ni hol land, nchi iliyobonyea kama shimo, kwa kuwa sehemu kubwa ya eneo hilo iko chini ya usawa wa bahari. Maelezo hayo yanavutia, lakini maandishi ya kale yanayakataa. Umbo la zamani ni Holtland, na holt ni miti au msitu. Kufikia 1101, Floris II anaandikwa kuwa mtawala wa Hollant: sauti t ya holt imekwisha kumezwa na l inayoifuata.

Baadaye Kiholanzi kilibadilisha ol iliyotangulia t au d ikawa ou. Ndiyo maana Mjerumani husema Gold kwa dhahabu na Holz kwa mbao, na Mholanzi husema goud na hout. Neno holt likawa hout, lakini jina la mahali, likiwa limekwisha kupoteza t yake, halikufuata. Msikilizaji hakuona tena miti ndani yake, akaona hol, shimo. Ushahidi wa neno la asili haujafichika: msitu wa kale wa mji wa Haarlem hadi leo unaitwa Haarlemmerhout.

Mwaka 2020 serikali yao iliacha kutumia jina Holland katika kuitangaza nchi ng'ambo. Uamuzi huo haukukigusa Kiswahili: bado tunasema Uholanzi, Mholanzi na Kiholanzi.