Ghala la Abasia ya Cerne

Ghala la Abasia ya Cerne ni jengo la mawe la karne ya 14 katika kijiji cha Cerne Abbas, Dorset, kusini mwa Uingereza. Lilikuwa mali ya abasia ya Wabenedikto iliyoanzishwa mwaka 987, wamonaki wa kanuni ileile inayofuatwa katika abasia za Peramiho na Ndanda nchini Tanzania. Kuta zake ni za mawe magumu ya gumegume, zimeegemezwa kwa nguzo nene za nje. Milango mirefu iliruhusu mkokoteni uliojaa miganda kuingia; katika maghala ya namna hii nafaka ilipurwa sakafuni katikati ya milango, upepo ukipeperusha makapi. Wenyeji huliita ghala la zaka, ingawa maghala mengi yenye jina hilo yalihifadhi pia mavuno ya mashamba ya watawa wenyewe.

Mfalme Henry VIII alipovunja monasteri, abasia ilifungwa mwaka 1539, na sehemu kubwa ya majengo yake ikabomolewa. Ghala lilisalimika kwa sababu wakulima bado walilihitaji. Katika karne ya 18 upande wake wa kusini uligeuzwa kuwa nyumba ya kuishi. Leo linalindwa kisheria katika daraja la juu kabisa la majengo ya kihistoria ya Uingereza.