BCA: Benki ya Indonesia iliyopita mikononi mwa wenyewe watatu

BANK Central Asia (BCA), benki kubwa zaidi ya kibinafsi nchini Indonesia, haikuzaliwa ikiwa benki. Ilisajiliwa Agosti 10, 1955 kama kiwanda cha kufuma nguo mjini Semarang, katika kisiwa cha Java, ikaanza shughuli za benki jijini Jakarta mnamo Februari 21, 1957. Tangu wakati huo imemilikiwa na tajiri aliyekuwa mwandani wa rais, ikatwaliwa na serikali, kisha ikaangukia familia ya watengenezaji sigara. Ilipookolewa baina ya mmiliki mmoja na mwingine, mzigo ulitua mabegani mwa mlipa kodi.

Mwenye benki wa kwanza alikuwa Liem Sioe Liong, ambaye baadaye alijulikana kama Sudono Salim. Alizaliwa mkoani Fujian, Uchina, akahamia Java katika miaka ya 1930 na kuanza biashara ndogo mjini Kudus. Mji huo ni kitovu cha sigara za kretek, ambazo tumbaku yake huchanganywa na karafuu. Alifahamiana na Suharto wakati mwanajeshi huyo akihudumu Java ya Kati, na Suharto aliposhika hatamu za nchi, urafiki huo ukazaa matunda. Mnamo 1968 kampuni ya Liem ilikuwa mojawapo ya mbili zilizopewa idhini ya kuagiza karafuu kutoka Zanzibar na Madagascar. Jasho la wachumaji wa Unguja na Pemba, kwa hivyo, limo ndani ya utajiri huo, ingawa hapana mchumaji aliyepata kulisikia jina la benki hiyo.

Mwaka 1975 Liem alimwajiri Mochtar Riady, mwanabenki stadi, aliyeikuza BCA kwa kuwahudumia wafanyabiashara ambao benki za serikali ziliwapuuza. Sheria za benki zilipolegezwa mwaka 1988, matawi yakaenea kote nchini. Kasoro ilikuwa katika daftari la wenye hisa: familia ya Salim ilikuwa na asilimia 70, na watoto wawili wa Suharto asilimia 30. Sehemu kubwa ya mikopo nayo ilikwenda kwa kampuni za Salim mwenyewe. Amana za mamilioni ya wananchi zikawa mfuko wa biashara za mtu mmoja.

Msukosuko wa uchumi wa Asia wa 1997 uliifichua hali hiyo. Mei 12, 1998 wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Trisakti waliuawa kwa risasi, na siku mbili zilizofuata Jakarta ikawaka moto. Waliolengwa zaidi ni Waindonesia wenye asili ya Kichina. Nyumba ya Liem, aliyekuwa ng'ambo, iliteketezwa. Matawi mengi ya BCA yaliharibiwa, na mashine za kutolea pesa zikavunjwa. Mei 21 Suharto alijiuzulu. Wateja walikuwa wamepanga foleni ndefu kutoa akiba zao, na hakuna benki duniani iliyo na pesa taslimu za kuwalipa wateja wote kwa mpigo. Benki Kuu ilitoa mikopo ya dharura, na Mei 28 serikali ikaitwaa BCA.

Shirika la serikali la kufufua benki lilichukua asilimia 92.8 ya hisa. Serikali iliijazia benki mtaji kwa hati za dhamana za takriban rupia trilioni 60, ambazo riba yake ililipwa na hazina ya taifa. Kwa upande wake, kundi la Salim lilikabidhi hisa katika kampuni zaidi ya 100 ili kufidia deni la takriban rupia trilioni 52. Liem alihamia Singapore, akafariki huko mwaka 2012.

Serikali iliuza asilimia 22.5 katika soko la hisa mwaka 2000, kisha asilimia 10 mwaka uliofuata. Mvutano ulizuka mwaka 2002 ilipopigwa mnada asilimia 51. Wafanyakazi waliandamana kuupinga uuzaji huo. Miongoni mwa walioitaka BCA ni Standard Chartered, benki isiyo ngeni kwa Wakenya, lakini mshindi alikuwa FarIndo, muungano wa kampuni ya uwekezaji ya Marekani, Farallon, na familia ya Hartono. Walilipa rupia 1,775 kwa kila hisa, jumla ya takriban dola milioni 530.

Wakosoaji waliuliza, na swali lao lina uzito, ilikuwaje nusu ya benki yenye hati za rupia trilioni 60 ikauzwa kwa takriban trilioni 5. Watetezi wa mauzo hujibu kwamba amana za wateja nazo ni deni la benki, na kwamba bei ya hisa ilikaribiana na ile ya sokoni. Mwaka 2025 mjadala huo ulifufuka tena Jakarta.

Ndugu Robert Budi na Michael Bambang Hartono walirithi kampuni ya sigara za kretek ya Djarum, iliyoanzishwa na baba yao mwaka 1951 mjini Kudus, mji ule ule alikoanzia Liem. (Michael alishinda nishani ya shaba katika mchezo wa karata wa bridge kwenye Michezo ya Asia ya 2018, akiwa na umri wa miaka 78.) Farallon ilijiondoa hatua kwa hatua, na mwaka 2016 hisa za FarIndo zikahamishiwa kampuni ya familia, Dwimuria Investama Andalan, ambayo hisa zake katika BCA zilifikia asilimia 54.94. Anthoni Salim, mwanawe Liem, alibaki na hisa zisizofika asilimia 2.