Kaye ya jamaa: namna ya kuandika historia ya ukoo hata mkiwa mbali na kijiji

Tangu Oktoba 2014, mauaji katika wilaya ya Beni yamewatoa watu vijijini mwao mara nyingi: Eringeti, Mbau, Oicha, Kamango na kwingineko. Mwishoni mwa Juni 2024, Kanyabayonga ilipoangukia mikononi mwa M23, watu wengine walishika barabara ya Lubero na Butembo. Mtu anayekimbia hubeba mtoto, godoro na sufuria. Karatasi ya ubatizo inabaki ndani ya sanduku. Kaburi la babu linabaki nyuma ya nyumba. Na mzee aliyejua majina ya mababu saba mara nyingine hufariki katika nyumba ya kukodi, kabla mtu hajakaa karibu naye kumwuliza.

Mtoto aliyezaliwa Butembo kwa wazazi wa Eringeti anaweza leo kufikisha miaka 10 bila kuona shamba la babu yake. Siku moja ataulizwa: wewe ni wa nani, na makwenu ni wapi? Swali hilo linahusu shamba na urithi. Linahusu pia ndoa, kwa sababu wazee wanataka kujua kwanza kama wachumba si ndugu. Asiye na jibu anategemea jibu la mtu mwingine, na huyo mwingine anaweza kuwa ndiye anayelitaka shamba.

Kuandika historia ya jamaa hakuhitaji digrii, wala hakungoji amani irudi. Kunahitaji kaye, biki, uvumilivu, na desturi moja ya kuuliza kila mara: umelijuaje hili?

Jina ni karatasi ya kwanza

Kwa Wanande, ambao wengi wanajiita Wayira, kazi inaanza na kitu ambacho hakuna vita inayoweza kukichoma: jina. Jina la kuzaliwa linaonyesha nafasi ya mtoto. Paluku au Mumbere ni kijana wa kwanza, Kambale ni wa pili, Kasereka ni wa tatu, Kakule ni wa nne. Kwa wasichana, Masika ni wa kwanza, Kavira ni wa pili, Kavugho ni wa tatu. Muhindo au Kahindo anaonyesha kwamba mpangilio umegeuka: wamezaliwa wasichana, kisha akaja kijana, au kinyume chake.

Kwa hiyo mzee anayeitwa Kasereka anakupa habari kabla hajafungua mdomo: huenda kulikuwa na vijana wawili mbele yake. Wako wapi? Kama jamaa inamtaja mmoja tu, pengine mwingine alikufa akiwa mtoto, au alihamia Uganda, au alisahauliwa. Pengo hilo ni swali la kuandika ndani ya kaye. Na ukikuta Kambale wawili kwa baba mmoja, uliza kwa heshima kama mama ni mmoja. Mara nyingi hapo ndipo habari ya mke wa pili inapojulikana.

Lakini jina hilohilo linaweza kukupoteza. Akina Kambale na akina Masika wako maelfu toka Kayna mpaka Kasindi. Jina moja halitoshi kumtambua mtu. Liandike pamoja na jina la baba, la mama, la kijiji na la ukoo.

Kuna mtego mwingine, wa mwaka 1972. Oktoba 1971 nchi ilikuwa imegeuzwa jina na kuwa Zaire, na mwanzoni mwa 1972 Rais Mobutu akaamuru raia waache majina ya kigeni na wachukue majina ya kiafrika. Mtu aliyejulikana shuleni kwa jina la mtakatifu alitoka ofisini akiwa na majina mawili au matatu ya nyumbani. Ndiyo sababu mtu mmoja anaweza kuonekana kama watu wawili: mmoja katika kitabu cha padri cha 1955, mwingine katika hati ya serikali ya 1975. Anayetafuta sharti ayajue majina yote ambayo babu aliwahi kuitwa, pamoja na jina la utani la kijijini.

Vitabu vya kanisa

Katika eneo hili kanisa lilianza kuandika majina mapema. Mapadri wa Moyo Mtakatifu walianzisha misheni ya Beni mwaka 1906. Waasumptionisti walifika mwaka 1929. Beni ilipata vikarieti mwaka 1938, ikawa diosezi mwaka 1959, na tangu 1967 inaitwa diosezi ya Butembo-Beni. Kwa upande wa Waprotestanti, Katwa karibu na Butembo ni kituo cha zamani cha Wabaptisti, na Oicha ilijulikana kwa hospitali ya misheni ambako daktari Carl Becker alianza kazi mwaka 1934.

Kitabu cha ubatizo cha Wakatoliki kinaonyesha tarehe, jina la anayebatizwa, la wazazi na la msimamizi. Wengi wakisha kuona jina la babu wanafunga kitabu. Hilo ni kosa. Tazama pembeni ya ukurasa. Sheria ya Kanisa inataka ndoa ya mtu iandikwe pia penye ubatizo wake. Maneno machache ya pembeni yanaweza kukuonyesha babu alioa mwaka gani na parokia gani, na kukupeleka kwenye kitabu cha pili. Mtazame pia msimamizi, kwani anaweza kuwa mjomba au jirani ambaye wajukuu wake bado wako hai.

Kabla ya kwenda, uliza kijiji kilikuwa chini ya parokia gani wakati ule, kwa sababu parokia za leo nyingi zilizaliwa toka zile za zamani. Kama kitabu kilipotea vitani, usikate tamaa upesi. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilimtaka paroko atume kila mwaka nakala ya vitabu vyake kwa askofu. Kuuliza diosezini hakugharimu kitu zaidi ya safari. Fika na barua fupi yenye majina, miaka unayokisia na sababu ya kutafuta. Vitabu hivyo vina siri za watu wengine pia, na katibu wa parokia ana haki ya kusoma yeye mwenyewe na kukupa nakala ya mstari unaokuhusu tu.

Karatasi za serikali

Upande wa serikali karatasi ni chache. Hesabu ya watu wote nchini ilifanywa mara ya mwisho mwaka 1984. Kwa miaka mingi kadi ya mchaguzi ndiyo imekuwa kitambulisho cha raia wengi. Kadi hizo za zamani zisitupwe, maana zinaonyesha asili ya mtu, na tofauti ya mahali pa kuzaliwa na mahali pa kuishi ni historia ya kuhama. Hifadhi pia vyeti vya shule, karatasi za kliniki, risiti za kodi ya shamba na barua toka ofisi ya usultani.

Na historia ya kesho inaandikwa leo. Sheria inawapa wazazi siku 90 kumwandikisha mtoto aliyezaliwa. Zikipita, kazi inakwenda mahakamani, na ni ngumu zaidi. Mtoto aliyezaliwa ukimbizini anastahili cheti kama mwingine yeyote.

Kumkalia mzee

Hakuna kitabu kinachoshinda mdomo wa mzee, wala hakuna mdomo wa mzee usiohitaji kupimwa. Mwanahistoria Mbelgiji Jan Vansina, aliyefanya utafiti kwa Wakuba wa Kasai, alichapa mwaka 1961 kitabu juu ya masimulizi ya mdomo. Alifundisha kwamba simulizi ni ushahidi kama karatasi, mradi ujue lilipita kwa nani mpaka likakufikia. Hapa kwetu, Padri Lieven Bergmans alichapa Butembo mwaka 1970 historia ya Baswaga. Mmarekani Randall Packard alikusanya masimulizi ya Bashu, na kitabu chake cha 1981 kinaonyesha jinsi habari za mababu zilivyofungamana na mashindano ya uongozi. Fundisho ni hili: anayesimulia ana nafasi yake ndani ya hadithi. Mtoto wa nyumba kubwa na mtoto wa nyumba ndogo hawasimulii urithi sawasawa. Wasikilize wote wawili, uandike yote mawili.

Mzee haulizwi kama mtu aliye polisi. Salamu kwanza, habari za afya, kisha sababu ya kuja. “Tate, tunataka watoto wajue walipotoka.” Usianze na tarehe. Anza na nyumba: mlilala wapi, mlipika nini, nani alikaa jirani, maji mlichota mto gani? Kumbukumbu hufuata njia ya miguu. Wanawake waulizwe peke yao pia. Mara nyingi nyanya ndiye anayejua watoto waliokufa wadogo, wakwe, na mahali walipozikwa.

Mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa anajua mambo aliyoyaona. Mwulize: uhuru wa 30 Juni 1960 ulikukuta na umri gani? Waasi wa 1964 walipokuja ulikuwa umeoa? Tetemeko la 20 Machi 1966, lililopiga pande zote mbili za milima ya Ruwenzori, ulikuwa na mtoto mgongoni? Mtoto huyo alikuwa nani? Ndani ya kaye usiandike “alizaliwa 1966”. Andika “alikuwa mgongoni wakati wa tetemeko, kwa hiyo karibu 1965”. Hivyo anayesoma kesho ataona ulivyohesabu na ataweza kukusahihisha.

Kila habari iwe na mambo matatu: nani aliisema, siku gani, na aliiona mwenyewe au aliambiwa na nani. Kama simu inarekodi sauti, omba ruhusa kwanza, na useme jina la mzee na tarehe mwanzoni.

Habari ya jamaa ndani ya habari ya nchi

Kuna mambo ambayo jamaa moja haiwezi kuyaelewa yenyewe. Kwa nini nusu ya ukoo iko Kasese, Uganda? Masimulizi mengi ya Wanande yanasema mababu walitoka mashariki wakavuka Semuliki, na Wakonzo wa Uganda ni ndugu zao. Mpaka ambao wazungu walipatana mjini Brussels mwaka 1910 ulipita katikati ya watu hao. Kwa nini babu alizaliwa tambarareni lakini alikulia mlimani? Bustani ya Albert, Virunga ya leo, iliundwa mwaka 1925 na kupanuliwa baadaye. Katika miaka ya 1930 watu waliondolewa bondeni, kwa ajili ya bustani na pia kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Na kwa nini jamaa ya Lubero ina mashamba upande wa Beni? Milima ilijaa watu, vijana wakashuka kutafuta udongo.

Mtu akiyapanga hayo anaona kwamba kuhama hakukuanza na watoto wa leo. Anaona pia kwamba ardhi hii imekaliwa na wengi: Wanande, Wambuba, Watalinga, Wapere, Wambuti. Jamaa nyingi zina damu ya zaidi ya kabila moja. Kaye ya jamaa si silaha ya kumfukuza jirani. Anayefuta jina la mke aliyetoka kabila lingine ameharibu kazi yake mwenyewe.

Waliokufa na waliopotea

Sehemu ngumu ni ile ya waliouawa. Andika jina lote, siku, mahali, na kama alizikwa, wapi na nani alikuwepo. Hata wakati wa Ebola, toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, wengi walizikwa haraka na jamaa wachache tu. Walioona kaburi waandike alama zake: mti, njia, safu ya ngapi. Usimlazimishe mjane kusimulia. Akisema “inatosha”, funga kaye. Na usiandike jina la mtu kama muuaji kwa kusikia tu. Uvumi ulioandikwa unaweza kuua tena.

Kwa asiyejulikana kama yu hai, usiandike “marehemu”. Andika siku ya mwisho alipoonekana na nani alimwona. Habari hizohizo ndizo Msalaba Mwekundu unazohitaji kumtafuta, na huduma hiyo hailipiwi.

Mwishoni, kaye moja haitoshi. Fanyeni tatu: moja kwa mkubwa wa jamaa, moja kwa shangazi aliyeolewa mji mwingine, na picha za kila ukurasa kwa ndugu aliye mbali. Ramani ya shamba na mipaka yake isipitishwe ovyo kwenye simu.

Kwa kuanza, ukurasa wa kwanza unatosha. Jina la mtoto mdogo wa nyumba chini. Juu yake baba na mama. Juu yao babu na nyanya wanne, kila mmoja na kijiji chake. Penye jina lisilojulikana pabaki wazi, na pembeni liandikwe jina la mzee wa kuulizwa. Kisha mtu aende kwake wiki hii, akiwa bado yuko.