Kilichofutwa na Televisheni Kikabaki Gazetini

Naam, mpenzi msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya kwa maandishi, juma hili nataka tuyazungumzie magazeti ya picha. Najua wapo watakaosema huo ni upuuzi wa watoto. Shangazi yangu pale Kengeja naye alikuwa na fikra hiyo, na fikra hiyo ilinigharimu sanduku zima. Nitalirudia sanduku hilo.

Tuanzie mbali kidogo, London. Tarehe 23 Novemba 1963 televisheni ya BBC ilianza kuonesha mchezo wa kubuni wa kisayansi uitwao Doctor Who. Mhusika wake mkuu ni mzee wa ajabu anayesafiri kutoka zama hadi zama ndani ya kibanda cha simu cha polisi, kibanda ambacho ndani ni kikubwa kuliko nje. Mwaka uliofuata, mwezi huohuo wa Novemba, jarida la watoto la TV Comic likaanza kumchora kila wiki. Halikuwa na ruhusa ya kuwatumia wenzake wa kwenye mchezo, basi likambunia wajukuu wawili, John na Gillian. Januari 1965 jarida jingine, TV Century 21, likawachukua maadui zake waitwao Dalek, viumbe wakatili waliojifungia ndani ya madude ya chuma, likawachora kwa rangi kwa muda wa miaka miwili. Daktari mwenyewe hakuwamo.

Sasa sikiliza kituko. BBC ilikuwa ikizifuta kanda zake yenyewe. Kanda za video zilikuwa ghali, zikitumiwa tena kurekodia vipindi vingine, na nakala nyingi za filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nchi za nje ziliteketezwa pia. Walipozinduka, mwishoni mwa miaka ya 1970, sehemu nyingi za muongo uliotangulia zilikuwa zimekwisha potea. Nyingine zimekuja kuokotwa huku kwetu Afrika: mwaka 2013 ilitangazwa kuwa sehemu tisa zilizodhaniwa zimepotea zimepatikana Jos, Nigeria, katika stoo ya kituo cha televisheni.

Na yale magazeti ya watoto? Yalikuwa yamelala chini ya vitanda, salama. Desemba 1992 tawi la Uingereza la kampuni ya Marvel likatoa jarida lililoitwa Doctor Who Classic Comics, ambalo kazi yake ilikuwa kuzichapa upya hadithi hizo za picha. Lilitoka matoleo 27, likakoma mwaka 1994. Nimeziona baadhi ya hadithi hizo. Sitakudanganya, msikilizaji: michoro mingine ni ya harakaharaka, na visa vingine havina kichwa wala miguu. Daktari wa gazetini hutenda mambo ambayo wa kwenye televisheni asingeyafikiria. Haidhuru. Mtu wa leo anayetaka kujua mtoto wa Kiingereza wa mwaka 1965 aliota nini, anayo karatasi ya kushika mkononi.

Sisi je? Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Zanzibar tulitangulia, tangu mwanzo wa miaka ya 1970, lakini Kengeja ya utoto wangu ukitaka kuiangalia ilibidi ujue pa kubisha hodi. Tulichokuwa nacho ni Sani, jarida lililoanzishwa Dar es Salaam miaka ya 1970 na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo ndimo walimoishi Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na yule mtoto mtundu Madenge. Kwa Waingereza jarida la picha lilikuwa kivuli cha televisheni. Kwetu sisi ndilo lilikuwa televisheni yenyewe, na halikuhitaji umeme.

Mmoja wa wachoraji wakubwa wa ulimwengu huo, Philip Ndunguru, alifariki mwaka 1986, kijana bado. Wahusika hawakufa naye. Mikono mingine iliwapokea. Ndivyo ilivyokuwa kwa Daktari pia: mwaka 1966 William Hartnell alitoka, akaingia Patrick Troughton, sura nyingine kabisa, mchezo ukaendelea. Tofauti ni kwamba wao wameziandika zamu hizo mpaka tarehe.

Sasa lile sanduku. Kaka yangu alikuwa akisoma Unguja, na kila likizo aliposhuka bandarini Mkoani kutoka meli ya Mapinduzi, mkobani mwake hazikosi Sani mbili tatu. Zikishasomwa na kijiji kizima, zikirudi zimekunjika masikio, nilizipanga ndani ya sanduku la bati. Nilipokwenda kusomea uandishi wa habari, shangazi akaziuza kwa kilo kwa muuza bajia. Simlaumu. Nyumba ilihitaji sukari, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa zile ni mali. Niligundua niliporudi likizo, nikanunua bajia za shilingi chache, nikafungua kifurushi na kumkuta Lodi Lofa amelowa mafuta.

Miaka michache baadaye nilitaka kuandika juu ya wachoraji hao, nikaenda kuuliza katika maktaba moja ambayo sitaitaja. Bwana aliyekuwa zamu alinijibu kwa adabu zote kuwa hapo hawaweki magazeti ya vichekesho. Magazeti ya siasa ya miaka hiyohiyo walikuwa nayo, yamefungwa vizuri kwa jalada gumu. Na hotuba zilizomo humo nyingi zimechapwa pia vitabuni, hazikuwa hatarini.

Basi ndugu msikilizaji, kama wewe au jirani yako, Wete, Chake, Tanga au Kariakoo, ana Sani za kabla ya mwaka 1990, hata zisizo na jalada, usimpe muuza bajia kabla hujaniletea salamu hapa studio. Nitakuja na mashine ya kunakilia. Na kama unayo ile ambayo ukurasa wake wa mwisho ndio niliofungiwa bajia, nitakuomba unisimulie ilivyoanza, kwa sababu mimi ninao mwisho tu, na umesomeka nusu.