Kuhamisha ikiwa inawaka

Fundi wa seva anaweza kuitoa kompyuta pepe kwenye mashine moja na kuipeleka nyingine ikiwa imezimwa, au ikiwa bado iko kazini. Hiyo ya pili, ambayo kwa Kiingereza huitwa “live migration”, ukifuata matangazo ya redio, utashawishika kuiita “uhamisho wa moja kwa moja”. Naikataa tafsiri hiyo. Ukisema jirani amehama moja kwa moja, tunaelewa kwamba harudi tena, ilhali kompyuta pepe yaweza kurudishwa ilikotoka jioni ile ile.

Tazama kinachotendeka. Yaliyomo kwenye kumbukumbu hunakiliwa huku kazi ikiendelea. Yanayobadilika hunakiliwa tena na tena, hadi yabaki machache. Hapo ndipo kompyuta pepe husimamishwa kidogo, kisha ikaendelea upande wa pili. Mwaka 2005 watafiti wa Cambridge na wenzao walieleza walivyohamisha seva ya mchezo wa Quake 3 kwa kuisimamisha milisekunde 60 tu.

Neno tunalo: taa huwaka, simu huwaka, kompyuta huwaka. Wahariri wa vitabu vya kompyuta, nawaomba mwandike “kuhamisha ikiwa inawaka” na “kuhamisha ikiwa imezimwa”.