Kwaya ya Kamina na Misa Luba

Kamina, mji wa makutano ya reli huko Katanga, Kongo, ndiko ilikozaliwa kwaya ya Les Troubadours du Roi Baudouin katikati ya miaka ya 1950. Mwanzilishi wake alikuwa Guido Haazen, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji. Waimbaji walitoka katika shule ya Kamina: wavulana wapatao 45 wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu 15. Jina la kwaya lilikuwa la mfalme wa Wabelgiji. Nyimbo zilikuwa za kwao waimbaji.

Siku hizo Misa ilisomwa na kuimbwa kwa Kilatini, na kwa wamisionari wengi ngoma ilikuwa kitu cha kuachwa nje ya kanisa. Katika Misa aliyoiandaa na kwaya yake, Haazen hakugusa maneno ya Kilatini. Kilichobadilika ni namna ya kuyaimba. Kazi ilifanyika mazoezini, si kwenye karatasi. Mmoja alianzisha, wengine wakaitikia, sauti zikapandana juu ya mdundo wa ngoma. Lililopendeza lilirudiwa mpaka likakaa. Kyrie, sala ya kuomba huruma, ilifuata mtindo wa kasala, maombolezo ya Waluba, na ni vigumu kufikiria chaguo lililofaa zaidi. Hosana ilipewa mdundo wa ngoma za Kasai. Mwalimu Joachim Ngoi aliimba peke yake, kwaya ikimpokea.

Misa hiyo, iliyoitwa Misa Luba, iliadhimishwa Kamina tarehe 23 Machi 1958. Mwaka huohuo kwaya ilizuru Ulaya, ikaimba kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels na kurekodi santuri ya kampuni ya Philips. Haazen ndiye aliyevuma kuwa mwenye kazi hiyo, sifa ambayo kwa haki ilipaswa kugawanywa kwa wote waliokuwa mazoezini.

Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango kwa lugha na muziki wa wenyeji katika ibada. Kamina walikuwa wametangulia kwa miaka 5. Kongo ilikuwa imekwisha kujitawala tangu 1960, lakini santuri iliendelea na safari yake: mwaka 1968 sehemu yake ya Sanctus ilisikika katika filamu ya Kiingereza If...., ya Lindsay Anderson, na baadaye ikauzwa vizuri Uingereza. Afrika Mashariki, kwaya ya Muungano ya Kenya chini ya Boniface Mganga ilikuja kuirekodi upya Misa yote.