Kanzidata ya Parokia: Kutunza Kumbukumbu za Waamini na Sakramenti kwa Kompyuta

Mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake (rej. Yn 10:3). Paroko mwenye vigango kadhaa na maelfu ya waamini hawezi kutimiza wajibu huo kwa kutegemea kichwa chake peke yake. Anahitaji kumbukumbu zilizotunzwa vema. Makala hii inaeleza namna programu ya kanzidata inavyoweza kusaidia kazi hiyo, na mipaka ambayo haipaswi kuvukwa.

Asili ya vitabu vya parokia

Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha 24 mwaka 1563, uliwaagiza maparoko kutunza kitabu cha ndoa, na kuandika katika kitabu cha ubatizo majina ya wasimamizi. Tatizo kubwa lilikuwa ndoa za siri: mtu aliweza kumwacha mwenzi wake na kufunga ndoa nyingine hadharani, na Kanisa likakosa ushahidi wa ile ya kwanza. Mwaka 1614, kitabu cha Rituale Romanum kilichotolewa na Papa Paulo V kilitaja vitabu vitano: vya ubatizo, kipaimara, ndoa, hali ya waamini na marehemu. Kitabu cha hali ya waamini kiliorodhesha familia moja moja pamoja na watu waliomo. Hicho ndicho babu wa kanzidata ya leo.

Sheria ya Kanisa inavyodai

Kwa mujibu wa kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kila parokia inapaswa kuwa na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, pamoja na vingine vilivyoagizwa na Baraza la Maaskofu au Askofu wa jimbo. Kanuni ya 877 inataja yanayoandikwa katika kitabu cha ubatizo: jina la mbatizwa, mhudumu, wazazi, wasimamizi, mashahidi kama walikuwapo, mahali na tarehe ya ubatizo, na tarehe na mahali pa kuzaliwa.

Kitabu cha ubatizo hakifungwi siku ile ya ubatizo. Pembeni mwa jina huongezwa kipaimara, ndoa, daraja takatifu na nadhiri za daima. Ndoa ikifungwa katika parokia nyingine, kanuni ya 1122 inamtaka paroko wa huko apeleke taarifa mapema kule alikobatizwa mhusika. Ndiyo maana mchumba huombwa cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni: kadi ya utotoni haiwezi kuonyesha yaliyotokea baadaye. Taarifa isipofika, mtu aliyekwisha kufunga ndoa huonekana yu huru kitabuni, na mchumba asiye na hatia anaweza kuingizwa katika ndoa isiyo halali.

Kanzidata ni nini

Kanzidata ni mkusanyiko wa taarifa uliopangwa katika majedwali yanayohusiana. Katika orodha ya kawaida ya kompyuta, jina la mtu huandikwa upya kila linapohitajika, na makosa huongezeka. Katika kanzidata, mtu huandikwa mara moja na kupewa namba yake. Taarifa nyingine zote humrejea kwa namba hiyo. Programu kama Microsoft Access, au LibreOffice Base ambayo hupatikana bila malipo, zinatosha kwa parokia ya kawaida.

Majedwali manne huweza kuwa msingi:

- *Watu*: majina, jinsia, tarehe na mahali pa kuzaliwa.
- *Familia*: wanakaya, kigango, na Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo.
- *Sakramenti*: aina, tarehe, mahali, mhudumu, wasimamizi, na namba ya kitabu, ukurasa na mstari.
- *Taarifa kwa parokia nyingine*: iliyotumwa lini, kwenda wapi, na kama imejibiwa.

Jedwali la mwisho mara nyingi husahaulika, ingawa ndilo linalomwonyesha paroko ndoa ambazo taarifa zake hazijathibitishwa.

Majina yanahitaji uangalifu wa pekee. Mtu mmoja anaweza kuwa Joannes katika kitabu cha wamisionari, Yohane katika kadi ya kipaimara na John katika cheti cha shule. Tahajia ya kitabuni ibaki ilivyo, na majina mengine yawekwe katika nafasi yake.

Kitabu hakiondolewi

Kanzidata ni msaidizi wa kitabu. Tendo la sakramenti liandikwe kwanza kitabuni kwa wino, kisha kwenye kompyuta. Vyeti viandaliwe baada ya kulinganishwa na kitabu, vitiwe saini ya paroko au mwakilishi wake, na mhuri wa parokia. Kosa likigunduliwa kitabuni, mwandishi wa kompyuta asilisahihishe kimyakimya, amwarifu paroko.

Umeme hukatika na mashine huharibika. Nakala za akiba zitengenezwe kila wiki, na moja itunzwe nje ya jengo la ofisi.

Siri na heshima ya mtu

Kanuni ya 220 inalinda jina jema la mtu na faragha yake. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu imani ya dini kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Hivyo kila mtumiaji awe na nywila yake, na taarifa za kuasili mtoto au ndoa iliyotamkwa kuwa batili zionwe na paroko peke yake, au na aliyemruhusu. Orodha za waamini zisisambazwe katika makundi ya simu.

Kumbukumbu za zaka zitenganishwe na za sakramenti. Kanuni ya 848 inaonya kwamba maskini wasikoseshwe sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kompyuta isigeuzwe mlango wa kuwazuia.

Pa kuanzia

Parokia ianze na ubatizo wa mwaka huu, kisha irudi nyuma kitabu kwa kitabu. Mmoja asome, mwingine aandike, wa tatu ahakiki. Viongozi wa jumuiya wathibitishe familia zao mara moja kwa mwaka: nani amehamia, nani amehama, nani amefariki.

Kila mwamini naye ana sehemu yake. Atunze kadi yake ya ubatizo, ajue parokia na namba aliyoandikiwa, na ahamapo aage jumuiya yake na kujitambulisha kule aendako. Baada ya kufunga ndoa mbali na nyumbani, aulize kama taarifa imefika alikobatizwa. Swali hilo dogo huweza kumlinda yeye, mwenzi wake na watoto wao.